Wengi Ambao Hawakuwepo: Uchambuzi wa Kisa cha Bweni Moja Karibu na Njoro

Usiku wa Jumatano moja ya muhula wa pili, yapata saa tano na robo, wavulana wa bweni moja katika shule ya sekondari iliyo upande wa Njoro, Kaunti ya Nakuru, walikuwa wameketi vitandani gizani, wamevaa viatu na sweta, wakisubiri ishara. Chini ya kitanda cha mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili palikuwa na chupa ya soda ya lita mbili iliyojaa petroli. Mpango ulikuwa kwamba mlango ufunguliwe, magodoro mawili ya mwisho yamwagiwe mafuta, wote wakimbilie uwanjani wakipiga kelele, na kufikia asubuhi shule iwe imefungwa. Hakuna kilichowaka usiku ule. Mimi nilikuwa mwalimu wa ushauri nasaha shuleni hapo, na kwa majuma matatu yaliyofuata nilizungumza na wavulana hao mmoja mmoja. Nimeficha jina la shule na chochote kinachoweza kumtambulisha mtoto wa mtu. Ninakiandika kisa hiki kwa sababu bweni linapoteketea tunaunda tume na kuandika ripoti, lakini bweni linaponusurika hatuulizi limenusurikaje.

Chanzo chenyewe kilikuwa kidogo. Majuma mawili kabla ya usiku huo, uongozi ulitangaza kwamba likizo fupi ya katikati ya muhula ingepunguzwa ili watahiniwa wa kidato cha nne wajiandae kwa mtihani wa mwigo, na tangazo lilisomwa gwarideni bila yeyote kuruhusiwa kuuliza swali. Juma hilohilo ikasikika kwamba shule jirani imegoma na wanafunzi wake wamerudishwa kwao. Yeyote aliyefundisha katika shule za bweni za Kenya anajua kwamba muhula wa pili ndio msimu wa habari za namna hiyo. Mwaka 2016 zaidi ya shule 100 zilikumbwa na moto, nyingi katika muda wa miezi michache, na kilichotokea katika shule moja usiku kilikuwa kikizungumzwa katika shule nyingine kabla ya chai ya saa nne. Habari ya jirani haimwamuru mtu afanye lolote, ila hulitoa tendo katika yale yasiyofikirika na kuliweka katika yale ambayo vijana wa rika lake wamekwisha kuyafanya, wakaenda nyumbani, wakalala vitandani mwao.

Wavulana hao hawakuwa wageni wa hatari. Machi 2001, katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli kule Machakos, wavulana 67 waliteketea katika moto uliowashwa kwa makusudi, mlango mmoja wa bweni ukiwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yakiwa na vyuma. Kila mwanafunzi wa bweni amekisikia kisa hicho, kwa walimu au kwa wazazi. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka madirisha ya mabweni yasiwe na vyuma, milango ifungukie nje, na nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2. Bweni la kisa hiki lilikuwa na vyuma madirishani, na vitanda vyake vya ghorofa vilikaribiana hivi kwamba mvulana angeweza kunyoosha mkono kutoka kwenye blanketi lake akamgusa jirani yake. Ilinilazimu basi kuuliza jinsi watoto wanaoijua hatari hiyo kwa jina la mahali na idadi ya waliokufa walivyofika kuketi gizani wakiisubiri.

Nilianza na yule aliyeilaza chupa chini ya kitanda chake. Alikuwa na umri wa miaka 16, mpole, mzuri wa hisabati, na katika faili lake la nidhamu hamkuwa na kosa lolote ila kuchelewa gwarideni mara moja. Walimu walipotajiwa jina lake, wawili waliuliza kama hatujamchanganya na mwingine. Niliomba anisimulie siku baada ya siku, na nilipopanga alichosema, sikuona mahali ambapo angeweza kusema kwamba hapa ndipo alipovuka. Mwanzoni mwa juma lililotangulia, mwanafunzi wa kidato cha nne alimwomba atie sahihi karatasi ya malalamiko kuhusu likizo, naye akatia, kwa kuwa karatasi ilikuwa na sahihi nyingi na yaliyoandikwa yalikuwa ya kweli. Siku mbili baadaye akaombwa shilingi ishirini za mchango wa bweni, bila kuambiwa ni za nini, akatoa. Ijumaa akaelezwa kwamba mchango ule ulikuwa wa mafuta na kwamba yeye, kwa kuwa ametoa, tayari ni mmoja wao. Jumapili akaombwa asimame karibu na ua wa seng'enge nyuma ya jikoni atazame kama mlinzi anakuja, huku mwanafunzi mwenzake akipokea chupa kutoka kwa mwendesha bodaboda. Jumanne chupa ilihitaji pa kulala, na kitanda chake ndicho ambacho hakuna mwalimu angefikiria kukipekua. Aliniambia hivi: “Mwalimu, hakuna siku niliyoamua. Kila siku nilikuta nimeshaamua jana.”

Sijapata kusikia maelezo bora kuliko hayo ya jambo ambalo wanasaikolojia Jonathan Freedman na Scott Fraser walilionyesha California mwaka 1966. Waliwaomba wenye nyumba wakubali bango kubwa, tena baya, la kuhimiza uendeshaji salama wa magari lisimikwe mbele ya nyumba zao. Kati ya walioombwa moja kwa moja, asilimia 17 tu walikubali; kati ya waliokuwa wamekubali majuma mawili kabla kuweka kibandiko kidogo chenye ujumbe wa aina hiyohiyo, asilimia 76 walikubali. Mtu anayekubali ombi dogo hujiona kidogo kidogo kuwa mtu wa mambo hayo, na ombi kubwa linapofika halimjii kama geni. Karatasi ya malalamiko, ambayo ilikuwa halali kabisa na ambayo uongozi ungeipokea kwa busara ingemaliza kila kitu, ndiyo iliyokuwa kibandiko cha mvulana huyu.

Kuhusu yule wa kidato cha nne, nilitarajia kusikia habari za vitisho. Vilikuwepo, lakini vilikuja mwisho na vilikuwa dhaifu kuliko maneno ya mwanzo. “Kijana wangu, bweni linakutegemea,” ndivyo alivyokuwa akimwambia, na mvulana ambaye tangu kidato cha kwanza hakuna mkubwa aliyemwita kwa jina lake alijisikia ameonekana. Hapa wazo lililozoeleka kuhusu utiifu linapaswa kusahihishwa. Watu wengi wanalijua jaribio la mwanasaikolojia Stanley Milgram katika Chuo Kikuu cha Yale mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambapo watu wa kawaida waliagizwa kumpiga mwenzao kwa umeme kila alipokosea jibu, bila kujua kwamba umeme ulikuwa wa kuigiza, na katika jaribio la kwanza lililochapishwa washiriki 26 kati ya 40 wakaenda hadi volti 450. Yasiyosemwa sana ni kwamba msimamizi alikuwa na maneno manne ya kumsukuma anayesita, la kwanza likiwa ombi laini la kuendelea, la nne likiwa amri tupu kwamba hana hiari nyingine. Jerry Burger aliporudia sehemu ya jaribio hilo na kuchapisha matokeo mwaka 2009, washiriki waliofikishwa kwenye amri hiyo ya nne walikataa. Wanasaikolojia Stephen Reicher na Alexander Haslam wamejenga hoja kwamba washiriki wa Milgram waliendelea kwa sababu waliamini wanasaidia kazi yenye thamani, wala hawakuwa mashine za kutii. Ninakubaliana nao kwa niliyoyasikia Njoro. Kijana wetu hakuwa akitii amri. Alikuwa akilitumikia bweni.

Lakini bweni lenyewe lilitaka nini? Hili ndilo lililonikosesha usingizi. Juma la pili la mazungumzo niligawa karatasi zisizo na majina na kuuliza swali moja: Jumanne jioni, kabla ya usiku ule, wewe binafsi ulitaka bweni lichomwe? Karatasi zilizosema ndiyo nilizishika zote katika kiganja kimoja. Nilipowauliza, katika karatasi hiyohiyo, wanadhani wenzao wengi walitaka nini, karibu wote waliandika kwamba wenzao walitaka moto. Kila mmoja alikuwa ameketi gizani akijiona ndiye mwoga pekee katikati ya majasiri, na kila mmoja, kwa kuvaa viatu kama wengine, alikuwa ushahidi mbele ya jirani yake kwamba majasiri wapo. Wahenga walisema wengi wape, usipowapa watajitwalia. Hapa waliopewa hawakuwepo.

Wanasaikolojia Daniel Katz na Floyd Allport waliliandika jambo hili mwaka 1931 kuhusu wanafunzi wa chuo, na mwaka 1993 Deborah Prentice na Dale Miller wakalikuta katika Chuo Kikuu cha Princeton katika unywaji wa pombe: mwanafunzi wa kawaida alikuwa na wasiwasi kuhusu unywaji huo kuliko alivyodhani wenzake wanao, akanyamaza, na ukimya wake ukahesabiwa kuwa ridhaa. Kufuata mkumbo kwa namna hii ni tofauti na kule kulikoonyeshwa na mwanasaikolojia Solomon Asch katika miaka ya 1950, ambapo kundi lililopangwa lilitaja kwa sauti jibu la uongo kuhusu urefu wa mistari, na washiriki wakalifuata katika takriban theluthi moja ya majibu yao. Kwa Asch, kundi lilikuwa limesema. Bwenini hakuna kundi lililosema lolote. Watu wachache walisema kwa niaba ya kundi, kundi likaamini. Hata hivyo, jambo moja katika kazi ya Asch linaingia moja kwa moja katika kisa chetu. Alipoweka mtu mmoja tu wa kutoa jibu sahihi kabla ya mshiriki, nguvu ya wengi ilishuka hadi karibu robo ya ilivyokuwa.

Palikuwa pia na maneno yaliyolainisha dhamiri, na niliyasikia kutoka kwa wavulana ambao hawakuwa wamekaa pamoja kuyapanga. Shule ina bima. Hakuna atakayeumia kwa sababu wote watakuwa nje. Walimu ndio walioanza kwa kutudharau. Hatufanyi kwa ajili yetu, tunafanya kwa ajili ya wa kidato cha nne. Wanasosholojia Gresham Sykes na David Matza waliyaorodhesha maneno ya namna hii mwaka 1957 walipoandika kuhusu vijana wanaovunja sheria: kukana madhara, kuwashutumu wanaoshutumu, kudai utiifu kwa jambo lililo juu ya sheria. Hoja yao ni kwamba kijana wa aina hii bado anaziamini sheria, na ndiyo maana anahitaji udhuru. Mzazi akianza kumsikia mwanawe akisema kwamba shule ina bima, asidhani ni porojo.

Sasa turudi gizani. Baada ya kusubiri kwa muda ulioonekana mrefu kwa kila niliyezungumza naye, mmoja wa viongozi alinong'ona kwamba wakati umefika, na waliokuwa karibu na mlango wakasimama. Mvulana wa kidato cha tatu, kutoka kitanda kilicho katikati ya bweni, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba chumvi mezani: “Mimi sitoki. Na hapa hamchomi, kuna mtoto mgonjwa.” Alitukanwa. Aliitwa msaliti. Kisha mwingine, ambaye mpaka leo hajulikani, akasema, “Hata mimi.” Wa tatu hakusema neno bali alivua kiatu kikaanguka kwenye sakafu ya saruji, na sauti ya kiatu kile, waliniambia wavulana kadhaa kwa nyakati tofauti, ndiyo wanayoikumbuka kuliko tusi lolote. Baada ya hapo viatu vilivuliwa upande huu na upande ule. Viongozi walibaki wamesimama mlangoni, na mmoja wao aliniambia kwamba ghafla alihisi baridi.

Mwanasosholojia Mark Granovetter aliandika mwaka 1978 kuhusu umati wa watu mia moja, ambamo mmoja yuko tayari kuvunja dirisha bila kumngojea yeyote, wa pili anahitaji kumwona mmoja kwanza, wa tatu anahitaji kuwaona wawili, na kuendelea hivyo hadi wa mwisho. Umati huo utafanya ghasia yote. Lakini badilisha mtu mmoja tu, yule anayehitaji kumwona mmoja awe anayehitaji kuwaona wawili, na ghasia itaishia kwa mtu mmoja aliyevunja dirisha. Mtazamaji wa nje atasema umati wa kwanza ni wa wahuni na wa pili ni wa watu wema, ilhali wanatofautiana kwa mtu mmoja. Nimelifikiria jambo hili sana kwa sababu linafanya kazi pande zote mbili: kukataa nako kuna wa kwanza, wa pili na yule anayengoja kusikia kiatu.

Kwa nini yeye? Nilimwita mara tatu, kwa kuwa mara ya kwanza alidhani ananiudhi na mara ya pili alikuwa na haya. Hakuwa kiranja. Hakuwa mshika dini kuliko wenzake, na shilingi ishirini alikuwa ametoa kama wengine. Kilichomtenga ni kwamba kitanda chake kilikuwa chini ya kile cha mwanafunzi wa kidato cha kwanza, mono kama wanavyoitwa, aliyekuwa na homa tangu Jumatatu na aliyepewa dawa zahanati akarudishwa bwenini. Jioni ile alikuwa amemletea uji. “Mwalimu, nilikuwa namsikia anapumua juu yangu,” alisema. “Wengine walikuwa wanasema hakuna atakayeumia. Mimi nilikuwa namsikia.” Katika majaribio ya Milgram, mshiriki alipowekwa chumba kimoja na aliyekuwa akiadhibiwa, waliokwenda hadi mwisho walishuka hadi asilimia 40, na alipotakiwa kuushika mkono wa yule mtu na kuulaza kwenye kibati cha umeme, walishuka hadi asilimia 30. Udhuru wa kwamba hakuna atakayeumia hauwezi kusimama mbele ya pumzi ya mtoto mwenye homa. Ninasikitika kusema kwamba mtoto huyo alikuwa bwenini kwa sababu chumba cha wagonjwa kilikuwa kimejaa magunia ya maharagwe.

Kikao cha walimu kilichofuata ni sehemu ya kisa hiki, ingawa ingekuwa rahisi kuiacha. Pendekezo lilikuwa kwamba wavulana sita, akiwemo yule wa chupa, wafukuzwe shule, na kwamba orodha ipelekwe kwa bodi ya usimamizi siku hiyohiyo. Nilikuwa tayari nimezungumza na watatu kati yao. Nilijua mmoja hakustahili kuwa katika orodha hata kidogo. Mkono wangu ulibaki mezani. Niliwatazama wenzangu, wote walikuwa wametulia, nikadhani wamekubali, na kwa utulivu wangu nikawathibitishia kwamba nami nimekubali. Nje ya ukumbi walimu watatu walinijia mmoja baada ya mwingine wakaniambia kwamba hawakuridhika. Nilirudi ofisini nikaandika ripoti yangu kwa bodi, na wawili kati yao wakaitia sahihi, lakini sitaki msomaji adhani kwamba nilikuwa na ushujaa wa yule mvulana wa kidato cha tatu. Nilikuwa na mchana, kiti na mshahara, na bado nilinyamaza.

Bodi ilisikiliza. Wawili hawakurudi, watatu walisimamishwa kwa majuma matatu, na jina lisilostahili likaondolewa kwenye orodha. Mvulana wa chupa alirejea akiwa na mama yake, wakapiga magoti mbele ya mwalimu mkuu, jambo ambalo sikupenda kuliona. Kufikia jioni ya siku hiyo alikuwa na jina jipya, Petroli, na kabla ya juma kwisha mwalimu mmoja alilitumia darasani alipomwita ubaoni. Mwanasosholojia Howard Becker alieleza mwaka 1963 kwamba jamii humgeuza mtu kuwa mkosaji kwa kumbandika jina na kumtendea kwa kulifuata jina hilo, na Edwin Sutherland alikuwa amefundisha kabla yake kwamba uhalifu hujifunzwa kwa watu wa karibu, kama vile ufundi unavyojifunzwa. Nilimwona kijana wangu akihamia meza ya nyuma ya bwalo, pamoja na wale wawili waliosimamishwa naye, ambao nao walikuwa na majina, kwa kuwa hapo pekee ndipo jina lake halikuwa kitu. Nilikwenda kwa mwalimu yule faraghani. Aliomba radhi, na nilimwamini. Wanafunzi hawakuacha upesi hivyo. Iliwachukua muhula mzima, na mwalimu wa hisabati alisaidia kuliko mimi kwa kumpa kazi ya kuwafundisha wa kidato cha kwanza Jumamosi.

Karatasi zisizo na majina ziliendelea. Kila mwisho wa mwezi tunauliza swali moja na majibu yanasomwa gwarideni jinsi yalivyo, pamoja na yale yanayotuumiza, ili mvulana asikie kwa masikio yake wenzake wanafikiri nini badala ya kuambiwa na mtu mmoja mrefu gizani. Mwezi wa kwanza wengi waliandika kuhusu maharagwe yenye wadudu. Chumba cha wagonjwa kiliondolewa magunia. Wa kidato cha kwanza wanalala karibu na mlango. Vyuma vya madirisha vimekatwa upande wa bweni unaotazama uwanja. Upande unaotazama jikoni bado vipo, na barua yangu ya tatu kuhusu vyuma hivyo iko mezani kwa bodi tangu mwanzo wa muhula huu.